Tuktuk: Ni Pikipiki au Ni Gari?



Kina mama kadhaa wamenijia na suala moja. Wamekusanya fedha katika chama, wanataka kununua tuktuk, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko gari, na kijana wa nyumbani aiendeshe. "Sheikh, mwanangu ana leseni ya pikipiki. Si yatosha?"

Haitoshi, mpaka ijulikane ni leseni ya daraja gani. Hapa Kenya A2 ni ya pikipiki ya kawaida. Tuktuk imo katika A3, pamoja na bodaboda na pikipiki za kupeleka vifurushi. Leseni ya gari dogo, yaani B, nayo ni daraja jingine.

Utata huu watokana na asili ya chombo chenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Piaggio ya Italia iliitwaa Vespa yake, ikaitia gurudumu la tatu na sanduku la mizigo, ikaiita Ape, yaani nyuki. Baadaye Bajaj wa India wakakieneza chombo cha namna hiyo, hata ndugu zetu wa Tanzania wakakiita bajaji. Ukitazama mikono yake utasema ni pikipiki. Ukitazama paa na kiti cha abiria, utasema ni gari. Kila serikali ikahukumu kwa rai yake.

Kwa hiyo msiyapokee mashauri ya jamaa walio ng'ambo bila kuyapima. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 19 Januari 2013 aruhusiwa kuendesha pikipiki ya magurudumu matatu. Aliyefaulu baada ya hapo hana budi kufanya mtihani wa pikipiki, isipokuwa mwenye ulemavu wa viungo. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa na leseni za gari, mmoja akaruhusiwa na mwenziwe akazuiwa! California, leseni ya kawaida ya gari yatosha. India, makampuni ya bima yalishikilia kwa miaka kuwa mwenye leseni ya gari jepesi hawezi kuendesha chombo cha biashara bila idhini ya ziada; Mahakama ya Juu ikayakatalia mwaka 2017, na ikathibitisha tena Novemba 2024.

Hiyo kesi ya India yatuhusu kwa jambo moja: palipo ajali, bima huitazama leseni ya dereva kwanza. Na Sheria ya Trafiki ya Kenya haimkamati dereva peke yake. Mwenye chombo anayemruhusu mtu asiye na leseni inayofaa naye ametenda kosa. Mama ambaye jina lake limeandikwa kwenye logibuku hawezi kusema, "Mimi nilikuwa jikoni."

Basi kabla ya kukabidhi ufunguo, ombeni kuiona leseni yenyewe, hata kama dereva ni mwana wa kumzaa. Asione haya, wala msione haya. Anayekwenda kusomea sasa na aombe A3 tangu mwanzo, awe kijana au binti, kwani sheria haikubagua. Na tarehe pia itazamwe: leseni zetu hutolewa kwa mwaka 1 au miaka 3, na iliyokwisha muda hailindi mtu.