Mvua, Mlima na Somo la Msitu

Mvua ni furaha shambani, lakini mjini mara nyingi ni hofu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 mvua kubwa ilinyesha Kinshasa: watu zaidi ya 100 walikufa, na barabara ya taifa namba 1 ikakatika huko Mont-Ngafula. Mwezi wa Mei 2023, katika Kalehe ya Kivu ya Kusini, maji na matope yalishuka toka milimani yakafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Basi tujiulize: mbona mvua hiyo hiyo, ikinyesha katika msitu mnene, haichimbi makorongo namna hii?

Tuutazame msitu. Tone la mvua halipigi udongo moja kwa moja. Laangukia majani ya juu, lashuka polepole kwa matawi na shina, lafika penye majani makavu. Chini yake udongo una matundu ya mizizi na ya wadudu, nao hunywa maji. Mizizi yaushika udongo usikimbie.

Mjini twafanya kinyume. Twakata miti ya mtelemko, twafagia ua mpaka ubaki mtupu, twaezeka mabati, kisha kila mtu humtupia maji jirani wa chini. Wanafunzi, pigeni hesabu: paa la mita 40 za mraba, likipata mvua ya milimita 50, latoa lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Nyumba mia zikifanya hivyo, huo ni mto, nao huchimba korongo lenye kumeza nyumba.

Wachina walianza mwaka 2015 kuujaribu mfano huu katika miji 16, wakiita «miji ya sifongo»: walitengeneza bustani, mabwawa na njia zinazonywa maji. Lakini Julai 2021 mji wa Zhengzhou, uliokuwa umeshika kazi hiyo, ulipata milimita zaidi ya 200 katika saa moja, na watu wengi wakafa. Kumbe msitu hupunguza hatari, hauiondoi yote. Kando ya mto na penye mtelemko mkali hapafai kujengwa, hata kiwanja kikiuzwa rahisi.

Sisi tufanye nini? Tuweke pipa chini ya mabati. Tupande mianzi au majani ya vetiva kwa mistari inayokata mtelemko. Mizizi ya vetiva yaweza kushuka mita 3. Tusitupe takataka katika mifereji. Zaidi ya hayo, majirani wa juu na wa chini wakae pamoja, wapatane juu ya mfereji mmoja imara. Mti mmoja hauzuii mlima. Msitu ni miti iliyosimama pamoja. Na mtaa vivyo hivyo.