Printa moja inatosha, ila folda ya oda usimfungulie kila mtu

Wadau, kuna swali hili: nina kompyuta ya Windows na laptop ya zamani niliyoiwekea Linux, je, ninunue printa ya pili ya lebo na risiti? Mi nasema hapana. Hiyo hela iongeze kwenye mzigo. Mashine hizo mbili zinaelewana vizuri tu, tena bure.

Kinachoziunganisha ni programu inaitwa Samba. Ipo tangu 1992, aliianzisha Andrew Tridgell wa Australia. Inaifanya Linux iongee lugha ambayo Windows inatumia kugawana mafaili, yaani SMB.

Na kwa sisi tunaouza mtandaoni, faida kubwa hata sio printa. Ni faili la oda. Mkiwa wawili dukani na kila mtu ana nakala yake kwenye fleshi, ndio pale mteja mmoja anatumiwa mzigo mara mbili na mwingine anasubiri wiki nzima. Faili likikaa sehemu moja, wote mnafungua lile lile.

Sasa shida yangu iko kwa baadhi ya mafundi. Ukikwama kidogo tu, anakuambia fungua folda bila nenosiri, zima ulinzi wa Windows, washa SMB1. Inakubali, analipwa, anaondoka. Mi napinga kabisa. SMB1 ni lile toleo la zamani ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu nchi nyingi na kudai walipe kwa Bitcoin. Hadi hospitali za Uingereza zilikwama. Na Microsoft walishatoa marekebisho Machi mwaka huo huo! Windows za sasa zinakuja SMB1 ikiwa imezimwa, sasa wewe unaiwasha ya nini?

Folda ya oda ina majina ya wateja, namba zao za simu na wanapokaa. Jirani uliyempa nenosiri la waifai, kama folda iko wazi, anaisoma akiwa kwake. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na inakutaka uzilinde taarifa za watu unazokusanya. Ila hata bila sheria, mteja akipigiwa simu na tapeli anayejua alichonunua kwako, harudi.

Mara nyingi kinachokwamisha ni kitu kidogo: nenosiri la Samba ni tofauti na lile la kuingilia kwenye Linux. Unaingia kwenye laptop vizuri, lakini Windows inakukatalia. Ukishaweka Samba na kuishea folda, fungua sehemu ya kuandika amri, andika sudo smbpasswd -a halafu jina lako la kwenye Linux, kisha weka nenosiri. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.20\oda. Badilisha hiyo namba iwe ya laptop yako, na jina liwe la folda yako. Ikikuuliza jina na nenosiri, weka yale ya Samba. Basi, hakuna haja ya kuzima kitu.

Printa ya waya ichomeke kwenye mashine inayowaka muda wote, halafu uishee kutoka hapo. Ila hakikisha kwanza kama Linux inaitambua, maana baadhi ya printa za bei rahisi zina programu ya Windows peke yake. Hiyo iache upande wa Windows, uishee kutokea huko. Kama printa yako ni ya waifai na sio ya zamani sana, mara nyingi kila mashine inaiona yenyewe, usijisumbue.

Halafu ingia kwenye raota, ipe laptop yenye folda namba isiyobadilika. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi namba inaweza kubadilika, Windows itasema haioni folda, na fundi atakuja tena kukuwashia SMB1.