Ua la Bahari si la Tangi la Marikiti

Mwanafunzi akaaye Marikiti hahitaji safari ndefu ili aione bahari. Akitoka sokoni penye bizari na iliki, akapenya vichochoro vya Mji wa Kale, muda si muda yuko Bandari ya Kale. Ukaribu huo huweza kumtia mtu tamaa, awe mwanafunzi au mwalimu wa sayansi, ya kumleta anemoni nyumbani na kumfuga katika tangi la vioo. Mimi naona asimlete.

Anemoni ni mnyama, ingawa umbo lake ni la ua. Wale wakubwa wa bahari yetu, ambao samaki wadogo wenye milia hujificha ndani yao, hawaishi kwa windo peke yake. Mwilini mwao mna mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Tangi lililowekwa katika chumba chenye kiza litamtia njaa pole pole.

Adui mkubwa zaidi ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida yake, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, ambayo nayo hutegemea mwani wa namna hiyo, yakapauka na kufa. Ziada ya nyuzi moja au mbili, ikidumu majuma kadhaa, yatosha kuleta msiba huo. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, lita 50 za maji zitafanyaje chumbani mwezi wa Machi, umeme umekatika na pampu imenyamaza? Maji yatageuka mvuke, chumvi itabaki, na ile kadiri ya gramu 35 kwa lita itapanda. Anemoni asiporidhika hutambaa, pengine akanaswa na pampu. Akifa, huoza na kuwaua wenziwe tangini.

Najua nitatajiwa kisa cha "Granny", anemoni aliyechukuliwa na Sir John Dalyell katika pwani ya Scotland mwaka 1828, akaishi katika chombo cha kioo hadi mwaka 1887, miaka mingi baada ya Dalyell mwenyewe kufariki. Naam, lakini huyo alikuwa wa aina ndogo ya bahari ya baridi, asiyehitaji mwani, na walikuwapo watu wa kumbadilishia maji ya bahari daima. Wanaomsifu Granny husahau kwamba katika miaka ya 1850 Waingereza walishikwa na wazimu wa kufuga viumbe vya baharini, wakichochewa na vitabu vya Philip Henry Gosse. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 akisikitika kwamba wakusanyaji waliyafukarisha madimbwi ya miambani.

Kwetu hasara ni maradufu, kwani samaki yule mwenye milia akiondolewa anemoni wake huko baharini hana pa kujificha, huliwa. Na katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, kuchukua kiumbe chochote ni marufuku.

Walimu, ngojeni bamvua. Maji yakipwa, wavusheni wanafunzi daraja la Nyali wakiwa na viatu vigumu, daftari na kalamu. Kila kundi lichague dimbwi lake, lihesabu anemoni na samaki bila kuwagusa, kisha lirudi bamvua ijayo kuhesabu tena papo hapo.