Sandrine Mubenga: kutoka hospitali bila umeme hadi profesa wa batri

Masisi inatoa koltani huko Rubaya, Walikale inatoa kasiteriti huko Bisie. Madini hayo yanaingia ndani ya simu na mashine za ulimwengu muzima. Lakini usiku ukiingia, wakaaji wengi wa maeneo haya mawili wanawasha tochi. Ndiyo maana safari ya profesa Sandrine Ngalula Mubenga inawahusu, hata kama yeye si mzaliwa wa Kivu.

Mubenga ni Mkongomani aliyezaliwa Kinshasa. Akiwa na miaka 17, huko Kikwit, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Alipaswa kupasuliwa haraka, lakini hospitali haikuwa na umeme. Ilibidi kwanza mafuta ya jenereta yatafutwe. Alipona, na akachagua kusomea umeme. Alienda Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Toledo, akapata udaktari mwaka 2017, kisha akawa profesa hapo hapo.

Utafiti wake ni juu ya batri za lithiamu. Batri kubwa ni batri ndogo nyingi zilizofungwa kwa mstari. Moja ikiisha mbele ya zingine, zote zinasimama, hata kama zingali na nguvu. Kuna njia mbili za kuzilinganisha. Ya kwanza inachoma nguvu inayozidi: ni bei rahisi, lakini nguvu inapotea. Ya pili inahamisha nguvu kwenda kwa batri dhaifu, ila ni bei kali. Mubenga aliziunganisha: njia rahisi ndani ya kila kikundi cha batri, na ile ya kuhamisha kati ya vikundi.

Mwaka 2020, rais Félix Tshisekedi alimteua kuongoza ARE, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme inchini. Sheria ya 2014 ilikuwa imekwisha kufungua mlango kwa makampuni ya binafsi pembeni ya SNEL. Kivu Kaskazini iliona matunda: tangu Desemba 2015, kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kinatoa umeme wa maji.

Masisi na Walikale pia zina mito. Kinachokosekana ni usalama. M23 iliingia Rubaya Aprili 2024, na Walikale-centre Machi 2025, ambako iliondoka wiki chache baadaye. Kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie kwa muda. Nani atasimika nguzo za umeme kwenye barabara ambayo kesho inaweza kufungwa?

Kwa sasa, umeme wa jua ndio hausubiri nguzo. Kituo cha afya kinahitaji taa ya kuzalisha mama na friji ya chanjo. Lakini wanaoutumia wanajua: kinachokufa kwanza ni batri. Hapo ndipo utafiti wa Toledo unakutana na maisha ya kijijini. Batri inayodumu miaka mingi zaidi ni mgonjwa mmoja asiyesubiri mazuti, kama alivyosubiri msichana yule wa Kikwit.