Njia za Miguu Zilindwe
Jiwe la Gangilonga, ambalo masimulizi ya Wahehe yanalihusisha na chifu wao, Mtwa Mkwawa, liko karibu kabisa na katikati ya Iringa. Mbeya nayo imekaa chini ya Mlima Loleza, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,600. Kuweza kutembea kwa miguu kutoka sokoni hadi jiweni au mlimani, kama ilivyo katika miji hii, ni utajiri ambao miji mingi haina, na kila kiwanja kinachopimwa juu ya njia ya wapitao kinaupunguza. Wapo watakaosema bodaboda zinatosha na vichochoro si salama. Lakini bodaboda hubeba wenye nauli tu, na njia huzidi kuwa ya hatari inapokosa watu na taa. Halmashauri zizichore njia hizi kwenye ramani za mipango miji kabla ya kugawa viwanja vingine.