Risasi ya Sarajevo na Deni la Miaka 43



Watu wengi wakiulizwa sababu ya Vita Vikuu vya 1914 hujibu upesi: ni risasi ya Sarajevo. Hatukanushi kwamba Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, aliuawa mjini humo tarehe 28 Juni 1914. Lakini kijiti cha kiberiti hakiteketezi mtaa mzima ila yakiwapo makuti makavu. Nani aliyeyaanika?

Yalianza kuanikwa 1871. Mwaka huo Ujerumani iliishinda Ufaransa, ikatwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na ikaitoza fidia ya faranga milioni elfu tano. Fidia ililipwa ikesha, ardhi haikusahauliwa. Aliyenyang'anywa kiwanja halali, na aliyemnyang'anya naye hapati usingizi. Kwa khofu hiyo Ujerumani ikafungamana na Austria na Italia, 1882. Ufaransa ikafungamana na Urusi, 1894. Kisha ikapatana na Uingereza, 1904, na Uingereza ikapatana na Urusi, 1907. Kila dola ilidai yafunga mlango wake tu. Kumbe zilijifunga kamba moja, akitumbukia mmoja kisimani awavute wenziwe.

Juu ya khofu ikaja tamaa. Tangu 1898 Ujerumani ilijenga manowari ili ipimane na Uingereza baharini. Waingereza wakajibu 1906 kwa Dreadnought, meli iliyozifanya zote za kabla yake kuwa kuukuu. Wakagombania Moroko 1905 na tena 1911. Austria ikaimeza Bosnia 1908, na Waserbia wakabaki na kinyongo.

Lakini lililo baya zaidi, kwa maoni yetu, ni siri. Masharti ya mapatano ya 1882 na ya 1894 yalifichwa. Hata Bunge la Ufaransa halikuonyeshwa maandishi ya maagano yake na Urusi. Raia waliwekewa rehani damu yao katika daftari wasiloruhusiwa kulifungua. Tangu risasi ile hata Uingereza kuingia vitani, tarehe 4 Agosti, zilipita siku 37 tu. Deni likadaiwa, na wadaiwa hawakujua hata lilikopwa lini.

Wala tusidhani khabari hizi ni za mbali. Mwaka 1890 Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, nao wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Visiwa viliwekwa mizanini kama magunia ya karafuu, na wenyewe hawakuulizwa. Basi vita vilipozuka, moto ulifika bandarini kwetu: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Makaburi ya baadhi yao yako Chapwani. Na huko bara wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wakiwachukulia mizigo watu wasiowajua, katika ugomvi usiokuwa wao.

Kwa hiyo, ndugu, tusomapo tarikhi tusimtazame aliyewasha kiberiti peke yake. Tuwatazame pia walioanika makuti, na waliotia sahihi gizani kwa niaba ya watu wasioulizwa. Mkataba unaofichwa raia leo, ni raia watakaoulipa kesho.