Sauti za Wazee Wetu na Haja ya Vifaa



Juma hili twajibu swali la mama mmoja anayeufuata ukurasa huu pamoja na aila yake. Atueleza kwamba mabinti zake wametenga chumba kimoja cha nyumba kuwa mahali pa kurekodia sauti. Wana kompyuta, wana maikrofoni mbili, na wana kisanduku kidogo cha kuingizia sauti katika kompyuta, kile ambacho mafundi hukiita intafesi. Kwa vifaa hivyo wamekuwa wakirekodi masomo ya watoto. Sasa wanataka kumrekodi nyanya yao pamoja na dada zake watatu, ambao tangu utotoni wamehifadhi tenzi na kasida, na desturi yao ni kuitikiana. Vinywa ni vinne, maikrofoni ni mbili. Mabinti wameomba wanunuliwe priampu ya chaneli nane. Mama auliza: Je, hii ni haja au ni tamaa?

Twalishukuru swali hili, kwani ndani yake mna hisabu ya pesa za nyumba, na mna amana ya wazee ambayo haingoji hisabu ikamilike. Tutaanza na kifaa chenyewe, kisha tuje kwenye amana.

Priampu ni nini? Sauti inapoingia katika maikrofoni hugeuzwa kuwa umeme, lakini umeme huo ni dhaifu mno, aghalabu elfu chache tu za volti moja. Kompyuta haiwezi kuufanyia kazi ukiwa hivyo. Lazima ukuzwe kwanza, pengine mara mia, pengine mara elfu moja, na huko kukuza ndiko mafundi wanakokupima kwa desibeli: mara elfu moja ni desibeli 60. Kifaa kinachokuza ndicho priampu. Kikiwa kizuri, hukuza sauti bila kuongeza mvumo wake chenyewe. Kikiwa duni, ukimrekodi mzee mwenye sauti ya chini utasikia ukelele kama wa mvua ya mbali nyuma ya maneno yake.

Basi wasomaji wafahamu kwamba intafesi ya mabinti hawa tayari ina priampu ndani yake, tena mbili. Ndiyo maana yakubali maikrofoni mbili na si zaidi. Kutaka maikrofoni nne kwa wakati mmoja ni kutaka priampu mbili nyingine, na njia ya kuziingiza katika kompyuta. Sharti hilo la pili ndilo wengi wanalolisahau wakiwa dukani.

Njia ni tatu. Ya kwanza, baadhi ya intafesi zina matundu ya ziada nyuma yanayopokea sauti iliyokwisha kukuzwa. Hapo mtu aweza kununua priampu ya pembeni na kuiunganisha, mradi asiitie katika tundu la maikrofoni, kwani sauti itakuzwa mara mbili na kuharibika.

Njia ya pili ni ya waya wa mwanga. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo Alesis ilitangaza mashine ya kurekodi iliyoitwa ADAT, iliyoweka nyimbo nane katika kanda ya video. Kanda zile zimekwisha zamani, lakini mtindo wake wa kupitisha chaneli nane katika waya mmoja mwembamba wa mwanga umebaki, na bado waitwa kwa jina lile lile. Kwa mfano, Behringer ADA8200 ni sanduku lenye priampu nane zinazotoka kwa waya huo. Lakini lazima intafesi iwe na tundu la kuupokea. Focusrite Scarlett 2i2, ambayo imeenea sana majumbani, ina priampu mbili na haina tundu hilo. Mwenye intafesi ya namna hiyo akinunua priampu nane za waya wa mwanga atakuwa amenunua samani ya kuweka kabatini, mpaka abadilishe na intafesi pia. Tena waya huo hupitisha chaneli nane kwa kipimo cha kilohezi 48. Kipimo kikipandishwa hadi 96, chaneli hupungua zikawa nne. Na vifaa hivyo viwili lazima vifuate saa moja: kimoja kiongoze na cha pili kimfuate mwenzake. Visipofanya hivyo, sauti hutoka na vidoko kama vya kuvunja kuni.

Njia ya tatu ni kuiuza intafesi ya zamani na kununua yenye priampu nne au nane ndani. Kwa aila isiyotaka waya nyingi, mara nyingi hii ndiyo nyepesi. Twawaonya wasomaji juu ya mixa za bei rahisi zenye matundu mengi ya maikrofoni. Nyingi katika hizo hupeleka kompyutani chaneli mbili tu, sauti zote zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Ukitambua baadaye kwamba mmoja amewazidi wenzake, huna la kufanya. Ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi.

Hapo ndipo ilipo faida ya kweli ya priampu nyingi. Kila sauti hukaa peke yake, na mwenye sauti ndogo huweza kuinuliwa bila ya kumgusa mwenye sauti kubwa. Kundi la kasida lenye dufu, waimbaji na kiongozi lahitaji jambo hilo. Mabinti wakiwa na nia ya kurekodi makundi kama hayo kila mwezi, basi ombi lao ni haja, nasi hatutawaita watu wa tamaa.

Lakini wazee wanne wakighani nyumbani ni jambo jingine. Wanawake hawa wamezoea kuitikiana zaidi ya miaka mingi. Wanajua nani apunguze na nani apaze. Ule mchanganyiko wameufanya wao wenyewe kabla ya mashine yoyote. Ukimpa kila mmoja maikrofoni yake, sauti ya mmoja itaingia pia katika maikrofoni za wenzake ikichelewa kidogo, na zikichanganywa husikika kama zatoka ndani ya mtungi. Mafundi wana kanuni ya kulizuia hilo: ikiwa maikrofoni iko shubiri moja kutoka kinywani, basi ile ya jirani isiwe karibu ya shubiri tatu kutoka kwa hii. Katika chumba kidogo, na wazee wanaopenda kukaa bega kwa bega, kanuni hiyo ni ngumu kuitimiza.

Kwa hiyo twasema: wawakalishe wazee kwa mzunguko wa nusu duara juu ya mkeka. Maikrofoni moja iwekwe mbele ya yule anayeongoza, ya pili ielekezwe kwa waitikiaji watatu. Mwenye sauti ndogo asogezwe mbele, mwenye sauti kubwa arudi nyuma. Huko kusogea ndiko marekebisho, nako hakuna bei.

Kisha chumba kitengenezwe. Mapazia mazito yashushwe, magodoro yaegemezwe ukutani, feni izimwe, na friji ikiwa karibu izimwe pia kwa muda huo. Achaguliwe wakati ambao barabara imetulia, usiwe wa karibu na adhana. Kompyuta ya kupakata ichajiwe mapema, ili umeme ukikatika kazi isikatike. Sauti ipimwe ili kilele chake kibaki chini ya mwisho wa kipimo kwa desibeli 12 hivi, kwa sababu mzee akichangamka hupaza bila kutoa notisi. Yote haya humfaa mwenye priampu mbili na mwenye nane, na bila ya haya nane hazitamfaa kitu.

Hata nafasi ya kuhifadhia ina hisabu yake. Chaneli moja kwa kilohezi 48 na biti 24 hula takriban megabaiti 518 kwa saa. Chaneli mbili ni gigabaiti moja na kidogo. Chaneli nane ni zaidi ya gigabaiti nne. Mwenye kununua priampu nane na anunue na mahali pa kuweka matunda yake.

Sasa tuje kwenye amana. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, safari ya baharini, ili sauti yake inaswe katika sahani za santuri. Leo safari hiyo ni hatua chache kutoka ukumbini hadi chumbani, na bado wazee wetu wanaondoka bila ya kurekodiwa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa katika maradhi. Hakungoja apone. Maneno yake yametufikia kwa sababu wanawake waliyanakili na kuyahifadhi. Mahadhi ya sauti yake mwenyewe hakuna awezaye kutuambia leo. Nyanya huyu na dada zake wanayo maneno na mahadhi yote mawili, nao ni watu wazima sana. Waswahili husema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Miezi ya kukusanya pesa za priampu ni miezi ya umri wao.

Jambo la mwisho ni idhini. Waulizwe kabla, si baada. Kuna mzee anayeridhia sauti yake isikike na wajukuu, wala haridhii izunguke katika simu za watu wasiomjua. Mabinti waandike maneno yake kama alivyoyasema: nani asikilize, nani ahifadhi, na ifanyweje baada yake. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya nyumba hiyo.

Jibu letu kwa mama, basi, ni hili. Wiki hii, kwa maikrofoni mbili zilizopo, warekodini wazee wanne. Mrekodini pia kila mmoja peke yake, akighani na kueleza alifunzwa na nani, kwani kwa kazi hiyo maikrofoni moja yatosha. Kazi hiyo ikikamilika, mabinti wakae na wewe na karatasi, waandike watarekodi nini katika mwaka ujao na watu wangapi kwa wakati mmoja. Idadi hiyo ndiyo itakayosema kama ni priampu nne, nane, au hizo mbili zilizomo.